Jiko la peleti lililolishwa kokwa za zeituni: kisa kimoja cha Jaén

Kisa kiko hivi. Nyumba ya ghorofa moja kwenye mji mdogo wa mkoa wa Jaén, kusini mwa Hispania, familia ya watu wanne, sebuleni kuna jiko la peleti (vijiti vidogo vya unga wa mbao uliogandamizwa) la kilowati 9 ambalo ndo linapasha joto karibu nyumba yote. Ilipokaribia baridi ya mwaka 2022 bei ya peleti ikapaa, Umoja wa Ulaya ulikuwa umeshazuia mbao za Urusi kwa sababu ya vita ya Ukraine na watu Ulaya nzima walikuwa wananunua mapema kwa hofu, na Jaén yenyewe ukiangalia kila upande ni mizeituni tu mpaka macho yanachoka, kila mji una kinu cha mafuta, kwa hiyo familia ikafanya kile ambacho majirani wengi wamefanya miaka yote, ikanunua kokwa za zeituni. Tani mbili, za kumwagwa bila mifuko, kutoka kwa muuzaji wa hapo hapo, bila karatasi yoyote ya ubora.

Ndani ya wiki chache matatizo yakaanza kupangana. Kioo cha jiko kinakuwa cheusi baada ya saa mbili tatu, asubuhi jiko linakataa kuwaka, moto ukiwaka vizuri unazima wenyewe usiku na alamu inalia, kwenye kikombe cha kuchomea mnakutwa mabonge magumu ya majivu yaliyoganda, na sebule inanuka mafuta yaliyochacha. Mwenye nyumba ni dada yetu Mswahili aliyeolewa huko, anajua nashughulika na majiko ya aina hii, akaniandikia: "Kaka, hizi kokwa ndo mbovu au jiko ndo bovu? Mume wangu anasema jiko, mama mkwe anasema kokwa." Nikamwomba picha, namba za setingi, na nikamwambia jambo la kwanza kabla ya yote, kama hamna kifaa cha kung'amua kaboni monoksaidi pale sebuleni nunua leo, manake moto unaofukuta bila kuwaka vizuri kwenye bomba lililoanza kuziba ni hatari kweli na hiyo gesi haina harufu, ile harufu ya mafuta anayoisikia siyo yenyewe.

Tuelewane kwanza hizi kokwa ni kitu gani, maana watu wengi wanafikiri ni zile mbegu nzima unazozitema ukila zeituni. Hapana. Kinuni tunda linasagwa zima zima na kokwa yake, ile kokwa inapasuka vipande vya milimita mbili mpaka nne tano hivi, afu uji wote unaingia kwenye mashine inayozunguka kwa kasi kutenganisha mafuta. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990 vinu vya Hispania vilihamia mfumo ambao unatoa vitu viwili tu, mafuta upande mmoja na upande mwingine mashudu mabichi yenye maji mengi, kama asilimia 65 hadi 70, kwa Kihispania wanayaita alperujo. Kutoka kwenye hayo mashudu ndo kokwa inachujwa na mashine nyingine, ikitoka hapo bado imebeba unyevu wa asilimia 20 na zaidi, imegandiwa na nyama ya tunda, ngozi, na mafuta kidogo. Ikipelekwa kukaushwa kwenye pipa linalozunguka kisha ikachekechwa na kupulizwa upepo, inakuwa kitu safi cha kuchoma, rangi ya kahawia, inateleza mkononi kama mchanga mkubwa. Isipopelekwa, inauzwa vilevile na jina ni lile lile. Hapa ndo penye mtego, vitu viwili tofauti kabisa sokoni vinaitwa kokwa za zeituni.

Hispania wenyewe waliliona hilo wakaweka kiwango, UNE 164003 cha mwaka 2014, kinazigawa kokwa kwenye madaraja A1, A2 na B. A1, lile la juu kabisa, haitakiwi kuzidi unyevu wa asilimia 12 na majivu asilimia 0.7. Majivu hayo ni sawa na yanayoruhusiwa kwa peleti bora za mbao, kwa hiyo mtu akikuambia kokwa kwa asili yake ni kitu kichafu cha kuchoma usimkubalie, kokwa safi na kavu inashindana na peleti bila shida.

Sasa zile za dada. Nilimwambia apime mwenyewe na wala haihitaji maabara. Chukua gramu 200 kutoka katikati ya rundo (siyo juu, juu pamekauka na hewa), tandaza kwenye sinia, weka kwenye oveni nyuzi 105 hivi mlango ukiachwa wazi kidogo, pima kila baada ya muda mpaka uzito uache kushuka. Zake zilishuka mpaka gramu 158. Gramu 42 kati ya 200 ni maji, yaani asilimia 21. Kwenye kila tani aliyolipia kulikuwa na kilo 210 za maji, na hayo maji hayakai tu bila madhara, yanakula joto ili yageuke mvuke.

Ukipiga hesabu inauma zaidi. Kokwa iliyokauka kabisa ina nishati kama megajuli 18.5 kwa kilo. Ikiwa na unyevu wa asilimia 12 kinachobaki cha kutumika ni karibu kilowati-saa 4.4 kwa kilo, ikiwa na asilimia 21 inashuka mpaka 3.9. Peleti nzuri inatoa kama 4.7. Chukulia nyumba inayohitaji kilowati-saa 10,000 za joto kwa msimu na jiko lenye ufanisi wa asilimia 85, utahitaji kilo 2,500 za peleti, au kilo 2,670 za kokwa kavu, au kilo 3,000 za hizi zenye maji. Kwa hiyo kokwa kavu ina faida kama bei yake kwa tani iko chini ya asilimia 94 ya bei ya peleti, ila hizi za dada zilitakiwa ziwe chini ya asilimia 83 ndo aanze kusema ameokoa hela, na hapo hujahesabu ufanisi unaoshuka jiko likianza kufukuta.

Kipimo cha pili, chekecheo la jikoni. Akachekecha bakuli moja, chini ikabaki chenga na vumbi jingi pamoja na vipande vyembamba vya ngozi, kwa macho tu unaona. Cha tatu, akafunga kiganja kimoja cha kokwa kwenye karatasi nyeupe akaacha usiku kucha, asubuhi karatasi ina madoa ya mafuta. Hiki siyo kipimo cha kisayansi lakini pamoja na ile harufu kinatosha kukuambia kwamba kokwa hazikusafishwa. Mama mkwe alikuwa na hoja.

Ila sikutaka tuishie hapo, kwa sababu ukisema tu kokwa mbovu familia ingenunua nyingine nzuri na tatizo lingerudi nusu yake, na wangechanganyikiwa zaidi. Tukakubaliana fundi wa hapo mwenye kibali cha majiko aje, asafishe jiko lote, afu wachome kitu kimoja kwa wakati mmoja wakiangalia.

Wakaanza na mfuko wa peleti nzuri, setingi za kiwandani. Jiko likawaka upesi, moto mweupe wa manjano, kioo safi mpaka usiku. Basi jiko ni zima, feni zima, bomba linavuta.

Afu wakaweka mfuko wa kokwa za daraja A1, setingi zile zile bila kugusa kitu. Hii ndo sehemu ninayoiona ya maana kuliko zote kwenye kisa hiki. Kokwa ni safi, kavu, hazina harufu, na bado moto ukawa mrefu wa rangi ya chungwa iliyokolea, ncha zake zina masizi, kikombe kikaanza kujaa kidogo kidogo mpaka kokwa zinawaka juu juu na chini zimeziba, kioo kikaanza weusi pembeni. Kwa nini? Jiko la peleti halipimi uzito, lina skrubu inayozunguka na kusimama kwa sekunde kadhaa, inasukuma ujazo. Peleti ni vijiti vya milimita 6, vinakaa ovyo ndani ya skrubu na kuacha nafasi tupu nyingi, ujazo wa lita elfu una kama kilo 650. Kokwa ni punje ndogo ngumu, zinajipanga na kujaza kila nafasi, lita elfu zinafika kilo 700 na zaidi, na zinatiririka zenyewe kwenye skrubu. Kwa mzunguko ule ule kinachodondoka kwenye kikombe ni kingi zaidi, huku hewa ni ile ile. Na siyo wingi tu, punje ndogo zikikaa kwenye kikombe zinabanana, hewa inayotoka kwenye matundu ya chini inapata taabu kupita katikati yake, tofauti na peleti ambazo zinaacha njia. Kokwa nyingi, hewa kidogo, njia nyembamba, hapo masizi hayaepukiki hata kokwa ingekuwa bora namna gani. Kwa hiyo mume naye hakuwa amekosea kulitilia jiko shaka, ila halikuwa limeharibika, lilikuwa limepangiwa kuchoma kitu kingine.

Fundi akapunguza ulishaji hatua kwa hatua, akaongeza hewa kidogo, akaongeza pia ule mzunguko wa kujisafisha ambapo feni inapuliza kwa nguvu kutoa majivu. Mabadiliko yakaonekana hapo hapo, moto ukafupika ukachangamka, kioo kikabaki safi jioni nzima. Vitu viwili tu vikabaki. Kuwasha kulichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu kokwa ni mnene na ngumu, plagi ya kuwashia inahitaji muda mrefu kuipasha mpaka itoe gesi ya kushika moto, na kompyuta ya jiko ina muda wake maalum, ukipita inasema imeshindwa na kuzima. Wengine hulikwepa hilo kwa kuweka konzi ya peleti kwenye kikombe asubuhi. La pili, kesho yake kwenye kikombe kulikutwa vibonge vidogo vya majivu yaliyoyeyuka, vinapondeka kwa vidole lakini vipo.

Mwisho wakarudisha kokwa za nyumbani, zile za asilimia 21, kwenye setingi hizo mpya zilizorekebishwa. Moshi, harufu, moto mzito, na kabla ya usiku kikombe kimeziba. Hapo kila upande ukawa umepata sehemu yake ya jibu, setingi na umbo la kikombe zilieleza masizi na kujaa, unyevu na uchafu vilieleza harufu, kugoma kuwaka na yale mabonge makubwa.

Nikae kidogo kwenye mabonge maana watu huyachukulia kirahisi. Majivu ya zeituni yana potasiamu nyingi. Potasiamu ikikutana na silika, yaani mchanga na udongo, mchanganyiko wake unayeyuka kwenye joto la chini kuliko kila kimoja peke yake, joto ambalo kitanda cha moto kwenye jiko dogo kinalifikia bila shida. Inayeyuka, inashika punje zinazofuata, inapoa, inakuwa jiwe lililofunga matundu ya hewa. Hewa ikizibwa moto unafukuta, ukifukuta unaacha mkaa usioungua, mkaa unaziba zaidi. Sasa potasiamu nyingi, na klorini pia, ziko kwenye nyama ya tunda na ngozi kuliko kwenye kokwa yenyewe. Na udongo unatoka wapi? Kuna zeituni zinazovunwa mtini na kuna zinazookotwa chini, za chini zinakuja na vumbi la shamba hata zikioshwa. Ndiyo maana zile chenga alizochekecha dada ndo adui hasa, siyo kokwa. Klorini nayo ina shughuli yake ya kimya kimya, inatafuna chuma cha kikombe na bomba, hilo hutaliona msimu wa kwanza. Na kwa wingi, kilo 2,670 za kokwa zenye majivu asilimia 0.7 zinakuachia kilo 19 za majivu kwa msimu, zikiwa na asilimia 3 unabeba kilo 80, kwenye jiko lenye droo ya majivu ndogo kama kiatu.

Bomba la moshi lilipofunguliwa lilikuwa na utando mweusi unaong'aa, lami ile ya moto wa mvuke na mafuta. Fundi alilisugua lote na kubadilisha gasketi ya mlango iliyokuwa imeanza kukakamaa na kupitisha hewa. Lami hiyo ikiachwa inawaka, na moto ndani ya bomba la moshi unaweza kuchukua nyumba. Hili niliona familia haikuwa imelifikiria kabisa, wao walikuwa wanahangaika na kioo.

Kuna na upande wa karatasi. Jiko lile limepimwa kwa kiwango cha EN 14785, ambacho ni cha majiko ya peleti za mbao, na kitabu chake kimeandika wazi peleti za mbao tu. Kwa sheria za Ulaya kokwa haihesabiki kama mbao hata kidogo, kanuni ya 2015/1185 inayosimamia majiko ya kupasha vyumba inaitaja kwa jina kwenye kundi la majani na mimea isiyo mti, pamoja na mabua na maganda ya karanga na jamii hiyo. Maana yake kwa mwenye nyumba ni kwamba kikombe kikitobolewa na klorini au injini ya skrubu ikikwama, waranti haimsaidii, na kampuni ya bima nayo ikitokea moto itauliza ulikuwa unachoma nini. Muuzaji wa kokwa hakumwambia hilo, na sidhani kama anaona ni kazi yake kusema.

Basi tufanye nini na tani moja na kitu iliyobaki gereji? Mume alitaka zikaushwe na kuchanganywa na peleti, sehemu moja kokwa sehemu mbili peleti, watu wengi hufanya hivyo na kweli inapunguza mabonge kwa sababu potasiamu inagawanyika na peleti zinafungua njia ya hewa. Mimi nilikataa na nikamwambia dada kwa nini, jiko hilo halina kikombe cha kujisafisha chenyewe kwa mitambo, watoto wanalala ghorofani juu ya sebule hiyo hiyo, na mchanganyiko unaomwagwa kwa ndoo haukai sawa, punje ndogo zinateremka zenyewe kwa mtikisiko mpaka chini ya hopa, lile tangi la kulishia jiko, kwa hiyo kuna saa jiko litakula peleti tupu na saa litakula kokwa tupu bila wewe kujua, na hakuna setingi moja inayofaa kwa vyote viwili. Kubana matumizi ni jambo zuri sana, tena kwa bei za mwaka ule naielewa familia ile kabisa, ila siyo kwa kujaribu kila usiku watu wakiwa wamelala.

Suluhisho lilipatikana ndani ya ukoo. Binamu wa mume ana shamba nje ya mji na boila inayochoma vitu vya aina nyingi, yenye wavu unaotikisika kumwaga majivu na kihisi kinachopima oksijeni kwenye moshi na kurekebisha hewa chenyewe. Kwenye mashine ya namna hiyo kokwa ndo ziko nyumbani kwake. Kabla ya kumpelekea wakazitandaza kwenye sakafu ya gereji unene wa vidole vitatu, milango wazi siku za jua, wakigeuza kwa reki, afu wakazipitisha kwenye wavu wa ujenzi kuondoa chenga. Hilo la kutandaza lilikuwa la lazima hata kama zisingechomwa, rundo lenye unyevu ule likikaa linaanza kuota ukungu na kupata joto ndani. Binamu akawalipa kwa peleti, siyo thamani kamili lakini ilisaidia.

Jiko lenyewe lilirudishwa setingi za kiwandani na likamaliza baridi kwa peleti. Familia bado inataka kokwa na mimi nawaunga mkono, wanaishi katikati ya mizeituni, kuleta peleti kutoka mbali wakati kinu kiko mtaani haiingii akilini. Ila sharti ni jiko lililoandikwa na mtengenezaji kwamba linachoma kokwa, lenye kikombe cha kujisafisha na programu ya kokwa kwenye menyu, na kokwa za A1 kwenye mifuko iliyoandikwa kiwango.

Na wasidhani bei ya kokwa itakaa pale ilipo. Kokwa hailimwi, ni mabaki ya mafuta, ikikosekana zeituni na yenyewe inakosekana. Msimu wa 2021/22 Hispania ilitoa karibu tani milioni 1.5 za mafuta ya zeituni, msimu uliofuata kwa ukame ikatoa kama tani 665,000, chini ya nusu, na vinu navyo vinatumia kokwa zao wenyewe kupasha maji na kukausha kabla ya kuuza zinazobaki. Kwa hiyo nilimwachia dada hesabu moja ya kufanya kila mwezi wa tisa kabla hajaagiza: bei ya tani ya kokwa gawa kwa 4,400, bei ya tani ya peleti gawa kwa 4,700, hapo unapata bei ya kilowati-saa moja kwa kila upande, na kama muuzaji hajataja unyevu mwombe sampuli uipitishe kwenye oveni kwanza ndo ulipe.